Paipu Aliyoizibua Munyao

Maji ya kwanza kutoka kwenye mfereji wa bafu yalikuwa vuguvugu, na hita ilikuwa bado ndani ya boksi lake chini ya kitanda. Kasiva aliyapima kwa kiwiko, kama anavyopima maji ya kumwoshea mtoto, akakuta yako sawasawa kabisa, hayataki kuongezwa ya moto wala ya baridi. Alimwita mumewe. Munyao akasema ni jua limepasha paipu. Ulikuwa mwezi wa saba, na vilima vya Mitaboni vilikuwa havijaliona jua tangu Jumapili.

Munyao alikuwa mwalimu wa hesabu, na ufundi wake wote aliupata kwenye simu. Angetazama video akila chakula cha jioni, na kesho yake ungemkuta juu ya stuli na testa mkononi, anabadilisha soketi huku mkewe akiomba kimyakimya. Kusema haki, hakuwa mbaya sana. Taa ziliwaka, ingawa ya sebuleni ilitaka uibembeleze swichi. Kilichomshinda ni maji, na maji ndiyo yaliyomchelewesha mtoto kupata jina.

Maana kwao Wakamba, mtoto hupewa jina na wanawake wa ukoo siku chache tu baada ya kuzaliwa, akavishwa shanga, na ndipo akahesabiwa mtu. Kabla ya hapo bado ni wa aimu, mizimu ya upande wa pili, na yeyote kati yao anaweza kumdai. Mwikali, mama yake Munyao, alikuwa tayari tangu mwanzo kuja kumpa mjukuu jina lake mwenyewe. Munyao akakataa. Hangeweza kualika wanawake kwenye nyumba mpya halafu wapike kwa maji ya mitungi, wamcheke mpaka Kathiani. Jina lingojee mfereji. Basi binti yao akafika umri wa kucheka akiitwa Beibi tu, kama alivyoandikwa hospitalini.

Halafu, akichimba mtaro nyuma ya nyumba, Munyao akakuta paipu ya chuma ya zamani. Mdomo wake ulizibwa kwa kipande cha mti na kufungwa blada, ule mpira wa tyubu, mzunguko juu ya mzunguko. Alimcheka sana aliyefanya kazi mbovu hivyo. Akaikata blada, akaung'oa mti, na maji yakaja kwa nguvu. Siku hiyo hiyo akaiunganisha na nyumba, akampigia mama yake simu kwamba Jumamosi waje na shanga.

Kasiva hakuyapenda maji yale. Yalikuwa na harufu nyembamba ya marashi, na mfereji ukifungwa paipu ziliendelea kuvuma ukutani, polepole, kama mtu anayeimba na midomo imefungwa. Alimweleza mumewe, naye akasema ni hewa.

Alhamisi mchana alikuwa nje akianika nepi mtoto alipoanza kulia jikoni, na kabla hajaweka beseni chini kilio kikakatika, na katika ule utulivu akasikia mtu akimbembeleza mwanawe kwa sauti ya kike, tulivu, ya mtu aliyelea wengi, na akakimbia akijua kwamba hakuna mtu nyumbani, akijua kwamba mlango wa mbele ameufunga kwa komeo, akafika akakuta mtoto amelala chali kwenye mkeka chini ya sinki, macho yamekazwa kwenye tundu la kutolea maji, anacheka, na kutoka ndani ya tundu lile sauti ikimwita kwa jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wao amewahi kuitwa. Kasiva aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alimnyakua mtoto akatoka naye, na mtoto akaanza kulia akitaka kurudi.

Munyao aliporudi kutoka shuleni alimkuta mkewe amekaa chini uani.

"Fuata hiyo paipu," Kasiva alimwambia kwa sauti ya chini. "Chimba, unionyeshe maji yanatoka wapi."

Alichimba akiwa bado na tai shingoni. Hakwenda mbali. Paipu ilikuwa fupi kuliko mkono wake, na upande wa pili iliishia kwenye udongo mkavu. Kule jikoni mfereji ulikuwa ukimwaga maji. Jembe likamtoka Munyao mikononi.

Jirani yao, mama mzee Kavindu, alikuwa amesimama kwenye ua akitazama shimo.

"Kimanzi wa malori, aliyekaa hapa kabla yenu, alirudi nalo hilo jini kutoka Pwani," alisema, karibu kunong'ona. "Lilimpa mali, halafu likataka mtoto. Akalifungia hapo, akahama. Huyu wenu ako na jina?"

Munyao aliitenganisha paipu na nyumba, akaurudisha mti mahali pake, akaukaza kwa nyundo na blada mpya, kisha akapiga simu. "Mwaitu, usingojee Jumamosi," alimwambia mama yake. "Kuja saa hii."

Mwikali alifika kabla ya jua kutua, pamoja na wanawake wawili wa ukoo. Hakuuliza maswali. Alimfunga mjukuu shanga shingoni, akamwita Mwikali, na wenzake wakamwita vivyo hivyo mmoja baada ya mwingine. Mtoto aliwatazama tu kama watu wanaopita barabarani. Paipu zilikuwa kimya, na Kasiva akathubutu kutumaini.

Ikawa zamu ya mama. Kasiva alimpakata bintiye, akamwangalia kwa mapenzi, akafungua kinywa amwite Mwikali. Jina lililotoka ni lile la kwenye sinki, kwa sauti ile ile tulivu ya mtu aliyelea wengi, na mtoto akageuka mara moja akaitika kwa kicheko.