Saa ya Babu Imesahau

Nyamizi anaishi Tabora na Bibi yake. Mezani kwao kuna laptopu nyeusi, kubwa, nzito. Ilikuwa ya Babu.

Babu alikuwa mwalimu. Kila asubuhi alimpakata Nyamizi, akaiwasha laptopu. Tiii! Saa kubwa ikatokea kwenye kioo.

Babu aliitazama, kisha akaita kwa sauti: "Saa moja! Chai!"

Na Bibi akajibu kutoka jikoni: "Chai hiyo, Mwalimu!"

Mvua zilipoanza, Babu akaugua. Mvua zilipokwisha, Babu hakuwepo tena. Laptopu ikabaki mezani.

Bibi hakujua kuitumia. Alijua kuiwasha na kuizima tu. Kila asubuhi aliiwasha, akaitazama saa, akaenda kupika chai. Hakuna aliyeita.

Siku moja, tiii! Laptopu ikawaka. Lakini saa ilisema sufuri, sufuri, sufuri.

"Bibi! Saa ya Babu imesahau!"

Hata mwaka ulikuwa wa zamani sana. Nyamizi alikuwa bado hajazaliwa.

"Mwaka huo babu yako alikuwa na nywele," akasema Bibi. "Nyingi kama zako!" Akacheka kidogo.

Nyamizi akabonyeza, akabonyeza, mpaka akairekebisha saa. Kesho yake, tiii! Sufuri, sufuri, sufuri.

Akairekebisha tena. Keshokutwa yake, tiii! Sufuri, sufuri, sufuri.

Bibi akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. "Imezeeka, mjukuu wangu. Tuiweke ipumzike."

"Usiifungie, Bibi! Twende kwanza kwa fundi."

"Na fundi akishindwa?"

Nyamizi akaitazama laptopu. Akalitazama sanduku. "Akishindwa, basi," akasema polepole.

Jumamosi, baada ya kula, Bibi akaifunga laptopu kwenye khanga. Wakaenda kwa Fundi Zena, kwenye kibanda cha bluu karibu na stesheni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wetu ana nini?"

"Anasahau saa."

"Ahaa! Ngoja tumtazame tumboni."

Fundi Zena akaigeuza laptopu. Kri-kri-kri, ikazunguka bisibisi. Skrubu moja. Kri-kri-kri. Skrubu nyingine.

Akampa Nyamizi kizibo cha soda. "Nitunzie skrubu humu. Hata moja isipotee." Nyamizi akakishika kizibo kwa mikono miwili.

Ndani mlikuwa na vumbi jeupe. Fundi Zena akaligusa kwa kidole. "Hii ni chaki! Mwenye laptopu alikuwa mwalimu?"

"Ni Babu," akasema Nyamizi. "Usilifute lote."

Fundi Zena akachukua brashi. Fya, fya, fya. Akafuta. Lakini kwenye kona moja akaacha vumbi kidogo, jeupe.

Kisha akaonyesha kitu kidogo cha duara, kama kifungo cha koti.

"Hii ni betri ya saa. Laptopu ikizimwa, yote inalala. Betri hii hailali. Inahesabu saa mpaka asubuhi. Sasa imechoka."

"Pole, betri," akasema Nyamizi.

Fundi Zena akaitoa betri ya zamani. Akaweka mpya. Tak! Akafunika, akarudisha skrubu zote. Kri-kri-kri.

Tiii! Ikawaka. Fundi Zena akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa kumi. Akabonyeza, akabonyeza. Kwenye kioo kukatokea nne.

"Tayari!"

Bibi akaitazama ile nne.

"Bado, Fundi," akasema Nyamizi. "Sasa ni saa kumi. Saa ya Babu husema kumi."

"Lakini kompyuta zote husema nne, mwanangu."

"Ya Babu husema kumi. Ikiwa saa moja, inasema moja. Ndiyo tunakunywa chai."

Fundi Zena akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Kumbe Mwalimu aliifundisha Kiswahili! Haya, nasi tusiivuruge."

Akabonyeza, akabonyeza. Kumi!

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Jioni Bibi akaizima laptopu. Akauchomoa na waya ukutani.

"Bibi, itakumbuka?"

"Tutaona asubuhi. Lala."

Nyamizi akalala. Bibi akalala. Laptopu ikalala. Ndani yake betri ndogo ikahesabu, ikahesabu, ikahesabu.

Kukapambazuka. Bibi alikuwa tayari jikoni. Nyamizi akarudisha waya. Akapanda kwenye kiti cha Babu, akabonyeza.

Tiii!

Hakukuwa na sufuri, sufuri, sufuri. Kulikuwa na moja!

Nyamizi akavuta pumzi. Akaita kwa sauti: "Saa moja! Chai!"

Kijiko kikaanguka jikoni. Kling!

Kisha Bibi akajibu, kwa sauti ile ile ya zamani:

"Chai hiyo, Mwalimu!"