Ndevu za Mfalme

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la tano alimwagilia mistari mitatu ya mahindi ya bibi yake, nyuma ya jiko. Yalikuwa mahindi matamu, yale yanayoliwa yakiwa laini. Bibi aliyapanda kwa sababu alibakiwa na meno matatu, na mwenyewe alisema hata hayo hayasalimiani. Kila alasiri jirani yake, mshonaji, alikuja na kigoda chake, wakakaa kando ya bustani kuwasengenya wapita njia.

Shuleni ukaandaliwa mchezo wa kuigiza, na msichana akapewa nafasi ya mfalme. Wenzake walimcheka wakisema ni mfalme aliyeachishwa ziwa jana. Jioni ile aliona nywele laini zimeanza kuchomoza kwenye ncha ya kila hindi changa. Akazing'oa zote, akazibandika kwenye kitambaa. Siku ya mchezo, shule nzima ilizipigia makofi ndevu zake.

Bibi alipouliza nani kayanyonyoa mahindi, msichana alijibu, jicho kavu, kwamba aliwaona watoto wa mshonaji. Bibi akaenda kwa jirani akiwaka kama mabua makavu. Maneno waliyotupiana hayakuwa ya watu waliokaa pamoja miaka ishirini. Tangu siku hiyo kigoda hakikuonekana tena.

Wakati wa kuvuna, Bibi alichuma hindi la kwanza, akalimenya. Gunzi tupu. La pili lilikuwa na punje tatu, zimetengana kama meno yake. Msichana alimtazama akipapasa gunzi kwa kidole.

"Ni mimi, Bibi. Nilitengeneza ndevu za mfalme."

Bibi hakumpiga. Alimweleza kwamba kila unywele ni njia ya punje moja. Ukiung'oa mapema, punje haizaliwi. Kisha akamshika mkono hadi kwa jirani. Msichana alipiga magoti, akasema yote mbele ya watoto aliowasingizia. Mshonaji alijibu kwamba amesamehe, akaendelea kukanyaga cherehani bila kuinua macho.

"Kesho atakuja na kigoda?" msichana aliuliza njiani.

"Sijui, mjukuu wangu. Mahindi nitapanda tena msimu ujao. Lakini uongo wako umeng'oa kitu ambacho sina mbegu yake."