Bwana Hakiki na Kioo cha Mbele

Ndugu zangu, tegeni sikio, na mwenye gari asogee karibu zaidi, maana habari hii inamhusu.

Asubuhi moja tulivu Bwana Hakiki alikuwa uani akipangusa gari lake, na mkewe, fundi cherehani, amekaa barazani akikunja sare za shule alizomaliza kushona. Hakiki ni jina la kupachikwa. Alikuwa mkaguzi wa tikiti miaka thelathini, na kustaafu hakukumponya. Akinunua mayai, alitikisa moja moja sikioni. Matairi aliyatia alama ya rangi, yasije yakabadilishwa yeye akiwa amelala. Wapo wanaosema hata kivuli chake alikigeukia mara mbili kuona kama ni kile cha jana, nami sikanushi.

Kitambaa kikakwama. Kwenye kioo cha mbele, upande wa abiria, palikuwa na kishimo kama punje ya mtama, kimezungukwa na vinyufa.

"Nani kapiga gari jiwe?"

"Kokoto hilo, baba watoto. Jana lori si lilitupita?"

"Kokoto gani linachagua upande wako?"

"Basi niandikie faini," mkewe akasema, akaendelea kukunja.

Kaka wa mkewe alikuwa fundi wa vioo vya magari, wakaenda kwake. Akakitazama kishimo, akakigusa kwa ukucha.

"Shemeji, una bahati. Kioo hiki ni matabaka mawili, katikati kuna utando wa plastiki. Lililoumia ni la nje tu. Nikilijaza gundi sasa hivi, nusu saa unaondoka. Ukingoja, vumbi na maji vitaingia, ufa utatambaa, na hapo utahitaji kioo kizima."

"Na vioo vizima unauza wewe."

"Nauza. Leo nakukataza kununua."

Hakiki akakunja uso. Mfanyabiashara anayekataza wateja kununua? Aliona mtego. Fundi alipochukua keekee yenye ncha nyembamba kama sindano, mtego ukawa wazi kabisa machoni pake.

"Unatoboa?"

"Kidogo tu, gundi ipate njia."

"Unatoboa leo ili kesho nirudi kununua. Nimekaa na wajanja miaka thelathini, shemeji." Akaingia garini na kuwasha injini, mkewe bado mguu mmoja uko nje.

Nyumbani akapaka gundi ya viatu juu ya kishimo, akajipongeza. Wiki iliyofuata gari lilishinda juani, akalimwagia ndoo ya maji baridi. Kioo kikalia ta! Ufa ukakimbia kutoka ukingo hadi ukingo.

"Ulimpigia simu kaka yako?" akamuuliza mkewe, kana kwamba vioo hupasuliwa kwa simu. Mkewe akaendelea kushona. Siku hizo alikuwa ameanza kutojibu, na Hakiki alilishuku hilo nalo.

Wakarudi. Fundi hakumkumbusha lolote. Aliondoa kioo kibovu, akasafisha fremu, akazungusha gundi nyeusi, akakilaza kipya.

"Liache hapa mpaka kesho, gundi ishike. Likitikiswa kabla ya hapo, kioo kitahama."

"Lilale hapa, mnichomolee betri?"

"Shemeji, hilo lako hata mwizi atalirudisha."

Mafundi wakacheka. Hakiki hakucheka. Alisubiri fundi aende kunawa mikono, akamwita mkewe, aliyekuwa na furushi la sare za kupeleka shuleni.

"Kaka kasema kesho."

"Kaka kasema, na wewe unasema. Mlipatana lini?"

Mama wa watu akapanda na furushi lake. Hakiki akabamiza mlango, wakaondoka. Karibu na shule kulikuwa na tuta. Akafunga breki ghafla, gari likaruka, kioo kikainuka kwenye fremu. Mkewe akakidaka kwa mkono wa kulia. Kiliporudi kukaa, vidole vyake vilikuwa chini ya ukingo.

Hospitalini daktari alisema kano za vidole viwili zimekatika, na mkasi hataushika tena kama zamani. Hakiki alimuuliza mara tatu kama ana hakika. Mara zote tatu daktari alikuwa nayo.

Fundi alikuja na gari lake la kazi. Akamwongoza Hakiki hadi kwenye lile gari la ajali, kioo sasa kimelazwa kiti cha nyuma.

"Gusa hapa, shemeji."

Hakiki akabonyeza gundi nyeusi kwenye fremu. Kidole kikazama kama kwenye unga uliokandwa.

"Hii ndiyo gundi niliyoiombea usiku mmoja ishike."

Mkewe akatoka, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Hakiki akamfungulia mlango, safari hii taratibu. Mkewe akampita, akapanda gari la kaka yake.

"Nakwenda kukaa kwa kaka," akasema. "Tufuate nyuma, usije ukadhani tumekuficha njia."

Hakiki akawafuata katika gari lisilo na kioo, machozi yakimtiririka. Alijiambia ni upepo, na kwenye kiti cha abiria hapakuwa na wa kumbishia.

Mafunzo

Ndugu zangu, kishimo cha kioo kitibiwe kingali kidogo. Kifunike kwa utepe safi, kipeleke kwa fundi, usikitilie gundi ya viatu wala maji baridi kwenye jua. Kioo kipya kikiwekwa, ngoja muda uliotajwa. Kumuuliza fundi si dhambi. Uliza hata mara kumi. Ila ukishajibiwa, sikia jibu. Anayewashuku watu wa nyumbani kwake kila siku huwachosha, na siku wanapochoka, wanaumia wao kwanza, kisha yeye anabaki peke yake na ukaguzi wake.