Hodi Kwenye Kanda ya Taarabu

Yaliyomkuta rafiki yangu Valerian pale Somanga, mwaka tisini na tano, mwenyewe hapendi kuyasimulia. Alikuwa akiliandikia gazeti uchambuzi wa kanda za muziki, na siku hiyo alitumiwa taarabu ya zamani iliyotolewa upya. Tangu afiwe na mkewe, hakuna aliyekuja kumpigia hodi. Giza la magharibi likiingia, akaiweka kanda kwenye redio. Fidla zilipotulia, mwanamke akaita, "Hodi!"

"Karibu ndani," Valerian akaitikia kwa mazoea. Akafungua mlango, hapakuwa na mtu. Akajicheka: kumbe hodi ilitoka kwenye kanda. Akairudisha nyuma, akasikiliza kimya, kalamu mkononi.

"Hodi!"

"Karibu ndani," ikajibu redioni sauti yake mwenyewe.

Kisha zikasikika ndala zikivuliwa: moja redioni, ya pili hapo mlangoni pake.