Kilichofunikwa kwa Ndoo

Hebu fumba macho kidogo, uione barabara ya mjini jua likizama. Maduka yanafungwa. Mama mmoja anafagia kando ya njia, na nyuma yake wifi yake anasukuma toroli la taka. Umewaona? Basi twende nao taratibu.

Jioni hiyo mfagizi aliinama ghafla. Chini ya ukuta aliketi mtu mdogo kuliko kidole. Kichwa chake, chingamu iliyotafunwa. Miguu, njiti za kiberiti. Kiti, kizibo cha soda.

"Wifi, njoo! Si fundi viatu wa pale kona huyu?"

"Haki ya nani, hadi kitambi chake!"

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha mfagizi akamzoa, akamtupa torolini. Takataka ni takataka.

Kesho yake kiti cha fundi viatu kilikuwa kitupu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye soli, uzi ukining'inia... Mkewe alimtafuta hospitali hadi polisi. Hakuonekana tena. Mfagizi akawa anafagia huku akichungulia chini ya kila ukuta.

Jioni, wifi alipokwenda kumwaga taka jalalani, mfagizi alisikia kitu kikikwaruza kando ya mtaro. Krrr... krrr... Harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi ikampanda puani. Hapakuwa na mtu. Ila pale chini alisimama mtoto wa kike. Gauni la karatasi ya pipi. Mguu mmoja mfupi, na gongo la kijiti cha aiskrimu.

Binti yake alitembelea gongo.

Karatasi ya pipi ilipanda, ikashuka. Ikapanda... ikashuka.

Kilikuwa kinapumua.

Aliogopa kukigusa, na upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Akakifunika kwa ndoo yake, polepole, akautupa ufagio, akatoka mguu niponye hadi nyumbani.

Binti alikuwa mezani, anaandika. Mama akamkumbatia huku machozi yakimtoka.

"Mama, mbona umezima taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

"Sioni kitu, mama. Ni kama nimefunikwa."

Mama akazidi kumkumbatia. Afadhali giza, mradi yupo. Ndipo akaikumbuka desturi yao ya kazi. Upepo ukivuma, mfagizi huifunika taka yake kwa ndoo isitawanyike. Anayekuja nyuma na toroli haulizi. Akikuta ndoo, anafunua, anazoa.

"Oo, mwanga umerudi," binti akanong'ona, akitabasamu. "Mama... mbona shangazi amekuwa mkubwa hivyo?"

Mikono ya mama ikakumbatia gauni.

Gauni tupu, lenye joto bado.

Muda si muda wifi akaingia, anahema, uso umejaa furaha. "Wifi, ulikimbilia wapi? Usijali, nimekumalizia kazi. Sijaacha hata kijiti!"

Nani aliyekuwa akivitengeneza vile vitu, hakuna ajuaye. Watu walivizia mpaka wakachoka, na asubuhi wakavikuta vingine ukutani. Nami nakuomba, ukija kuwasimulia wenzako, ukumbuke jambo moja tu: shangazi yake alikuwa anasaidia.