Ugali Mgumu, Zege Laini

Owino wa Mwihoko hakuwa mtu wa kuchezewa na ugali. Ukiletwa laini, aliurudisha jikoni kama hakimu anayetupilia mbali kesi.

"Huu ni uji uliojipamba," alisema.

"Baba Maxine, utanimalizia unga," mkewe Ajwang alijibu, akiusonga upya. Katika nyumba ile, ugali wa haki ni ule unaosimama wenyewe.

Zege lake, hata hivyo, lilikuwa maji matupu.

Owino alikuwa na kampuni ndogo ya ujenzi: mafundi tisa, mashine moja ya kuchanganya zege, na imani moja kuu. Zege tamu ni zege linaloteleza. Kwa hiyo maji yalimwagwa kwa karai, bila kipimo, hadi Owino aseme, "Sasa limetii."

Walikuwa wakijenga hosteli Kahawa Wendani, kazi kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Jumatatu moja injinia alifika akiwa amekunja uso. Vipande vya zege lao vilipasuka mapema mno vilipopimwa maabara.

"Bomoeni nguzo nne," alisema. "Mkirudia, ninaita kampuni nyingine."

Mafundi walisimama kama waombolezaji. Sifuna, mkongwe wao, alivua kofia kabisa.

"Simiti ya siku hizi ni bure," Owino alinung'unika.

"Si simiti, mzee. Ni maji." Huyo alikuwa Wilkister, fundi mpya aliyesomea ujenzi katika chuo cha ufundi kule Thika.

"Haya, profesa wa karai ameamka!" Sifuna alimtania.

Wilkister alimgeukia Owino. "Mzee, unakula ugali laini?"

"Mimi? Heri nilale njaa!"

"Basi mbona unawajengea watoto wa watu nyumba ya uji?"

Mafundi waliangua kicheko. Owino aliliweka karai chini.

Wilkister alieleza, "Simiti inahitaji maji kiasi tu. Yale ya ziada yakikauka, yanaacha vitundu ndani. Zege linakosa nguvu."

Alileta chombo cha bati cha kupimia zege, kama kofia ndefu iliyo wazi juu na chini. Alikijaza zege la Owino, akalishindilia, akainua chombo. Zege lilitandazika chini kama mavi ya ng'ombe. Alichanganya jingine kwa maji machache, akajaza, akainua. Likashuka kidogo, likasimama.

"Limesimama lenyewe," Owino alinong'ona, kama aliye kanisani.

"Gumu hivyo litapitaje kati ya vyuma vya nguzo?" Sifuna aliuliza.

"Tutakodi mashine ya kulitikisa. Na likishaganda, tulifunike magunia, tulimwagilie siku saba. Kiu ya zege huja baadaye."

Sifuna alikuna kichwa. Kesho yake alikuja na mtungi wa plastiki aliouchora mstari kwa msumari moto. "Maji yakifika hapa, basi," alitangaza. Karai likastaafu. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi fundi mmoja aliwafundisha wenzake jambo jipya kwa nusu saa.

Nguzo zilijengwa upya. Mwezi mmoja baadaye, injinia alirudi akitabasamu. "Vipande vyenu vimeisumbua mashine ya maabara. Endeleeni!" Kwa kuwa hakukuwa tena na kubomoa, hosteli iliisha wiki mbili kabla ya siku waliyopewa.

Jumapili, Ajwang aliandaa chakula cha mchana. Owino alijaza ugali kwenye kikombe, akaushindilia, akaupindua kwenye sahani. Akainama kupima kwa kidole.

"Umeshuka kidogo tu," alisema kwa heshima. "Umepita."

"Baba Maxine," Ajwang alisema, "kula, au nikupeleke wewe maabara."