Masikio ya Lijon

Kila asubuhi mama yake Lijon alirudi kutoka kiwanda cha kuku, alikofanya kazi ya usiku, wakati binti yake akijiandaa kwenda shule. Walipishana mlangoni, mmoja akipiga miayo, mwingine akitafuta kiatu cha pili. Sebuleni Bibi Hemity alikuwa ameshaketi na gauni lake pana la maua. Yeyote aliyetaka kupita mbele yake aliinamisha mgongo kidogo, kwa sababu Mmarshall, mtu wa Visiwa vya Marshall, hapiti wima mbele ya mkubwa aliyeketi. Lijon aliinama, akapita, akatia mkobani pakiti ya tambi kavu za kutafuna na unga wa sharubati.

"Tambi mbichi tena!" Bibi alisema. "Zikikuotea tumboni usinililie mimi."

"Kwani wewe ulipokuwa mdogo hukutafuna, Bibi?"

"Mimi nilikula mashelisheli. Haya toka, basi la shule hilo!"

Lijon alikuwa na miaka kumi na mmoja. Yeye na Bibi walihamia mji wa Carver Springs, Arkansas, mwezi wa sita, wakitoka kisiwa cha Majuro, kwao Wamarshall, ili waishi na Mama aliyewatangulia. Mji huo ulikuwa na Wamarshall wengi, kanisa lao na hata duka lao, na mtu angeweza kukaa hapo mwaka mzima bila kusema neno la Kiingereza. Shuleni ndiko haikuwezekana. Kiingereza cha Lijon kilitosha kusema asante na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu Pruitt wa darasa la tano alizungumza kama mtu anayefukuzwa, na kila alipomuuliza swali, Lijon aliinamisha macho akanyamaza.

Rafiki alikuwa na mmoja, Dulce Arreola, ambaye wazazi wake walitoka Mexico na walikata kuku kiwanda kile kile. Dulce alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Siku ya kwanza tu alimvuta Lijon mkono mpaka kwenye foleni ya maziwa na mkate, chakula ambacho wilaya ya elimu iliwapa watoto wote kila asubuhi.

Mambo yalianza kupinda siku muuguzi wa wilaya alipokuja kupima masikio. Siku hiyo Dulce alikuwa mgonjwa, hakuja. Muuguzi alimvalisha Lijon vipokea sauti vikubwa, akamweleza jambo refu. Lijon aliokota maneno machache tu: ukisikia mlio, onyesha. Ile sehemu ya kuinua mkono ilimpita. Sasa Mmarshall akitaka kusema ndiyo hahitaji hata kufungua mdomo. Huinua nyusi, na jambo limekwisha. Mlio ulipolia, Lijon aliinua nyusi. Ukalia mwingine mwembamba kama wa mbu, akaziinua tena, vizuri kabisa. Lakini muuguzi macho yake yalikuwa kwenye mashine, akingojea mkono ambao haukuja.

Akapelekwa kwa mtaalamu wa usikivu, Bi Whitcomb, mama mpole mwenye nywele nyeupe aliyehudumia shule zote za wilaya. Bi Whitcomb aliketi nyuma ya Lijon ili mtoto asione vidole vyake vikibonyeza. Lijon akauinulia ukuta nyusi kwa bidii mpaka paji la uso likamchoka.

Mtoto hajibu darasani, hajibu kwenye mashine. Shule ikaamua kwamba hasikii vizuri. Mama aliitwa, akaja na usingizi wake, akaelezwa kwa simu na mkalimani aliyekuwa mji mwingine. Kwa kuwa si adabu kubishana na walimu, alikubali kila alichoambiwa. Ni Bibi Hemity peke yake aliyeshangaa.

"Huyu? Huyu husikia peremende ikifunguliwa nyumba ya jirani!"

"Wao ndio wenye mashine," Mama alijibu, akaenda kulala.

Baada ya muda Lijon akaletewa vifaa viwili vidogo vya masikioni, na Mwalimu Pruitt akabana kipaza sauti kwenye ukosi wa shati lake. Mwalimu alipofungua mdomo, sauti yake ilimwingia Lijon kichwani kwa kishindo mpaka akaruka kitini. Bi Whitcomb alifuta chozi la furaha. Hapo ndipo Lijon alipoelewa. Kumbe watu hawa wanadhani mimi sisikii!

Alitaka kusema. Lakini angesema kwa maneno gani? Na yeye ni nani wa kumwambia mtu mzima kwamba amekosea? Akajiambia atasema kesho, na usiku huo akapunguza sauti ya vile vifaa hadi mwisho. Kesho ikaja na utamu wake. Mara mbili kwa wiki Bi Whitcomb alimchukua kwenye chumba kidogo chenye zulia, akamwonyesha picha, akamtamkia maneno polepole, akiyarudia bila kuchoka. Mwalimu Pruitt naye alianza kumgeukia alipozungumza. Kwa mara ya kwanza tangu Lijon ashuke kwenye ndege, maneno ya Kiingereza yalikuwa na mwanzo na mwisho. Nani angependa kuuacha mwanga arudi gizani? Akanyamaza, na kadiri siku zilivyopita ndivyo kunyamaza kulivyozidi kuwa rahisi.

Dulce mambo yalimwendea kombo.

"Dulce!" Mwalimu Pruitt aliita siku moja. "Nimesema tufungue ukurasa gani?"

"Kitabu nimekisahau nyumbani, Mwalimu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. "Basi mapumziko utabaki ndani, ujifunze kusikiliza."

Walipokuwa wakipanga vitabu, Dulce alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Kila siku mimi tu. Wewe una bahati, una vidude vyako. Mimi nitamwambia mama yangu sirudi tena hapa."

"Usiseme hivyo."

"Eh?"

"Nimesema, usiseme hivyo!"

"Ongea basi kama mtu, unanong'ona nini?"

Lijon hakuwa amenong'ona. Alimtazama rafiki yake, akakumbuka jinsi Dulce alivyozoea kukodolea midomo ya watu macho. Wazo baya lilimgusa, akalifukuza.

Lilirudi alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja. Mwalimu Pruitt aliwapa kazi ya kuchora, akatoka kwenda kuzungumza na mtu ukumbini, akasahau kuzima kipaza sauti. Watoto wengine waliona mlango umefungwa tu. Lijon aliisikia sauti ya Bi Whitcomb masikioni mwake, ndogo lakini wazi, na kwa Kiingereza ambacho mama huyo mwenyewe alikuwa amemfundisha, akaelewa karibu yote.

"Nimempima Dulce Arreola. Masikio yote mawili yana matatizo. Tungemjua mapema kama asingekuwa mgonjwa siku ile."

"Mungu nisamehe," Mwalimu Pruitt alisema. "Nami nimekuwa nikimwadhibu."

"Vifaa vimekwisha. Seti ya mwisho ndiyo aliyo nayo Lijon. Tumeagiza nyingine, lakini haitafika kabla ya mwaka mpya."

"Mwaka mpya! Mama yake ananiambia mtoto analia kila asubuhi, hataki kuja shule. Tutampoteza huyu."

Lijon aligeuka. Dulce alikuwa ameinamia karatasi yake, akichora kuku mwenye kofia, hana habari. Aibu ilimpanda Lijon mpaka kwenye yale masikio yake mazima. Alitaka kuvichomoa vile vifaa pale pale, lakini naye akainamia mchoro wake.

Jioni hakula. Bibi Hemity alimwangalia, akausogeza wali pembeni. "Sema."

Lijon alisema yote, kuanzia kwa muuguzi mpaka ukumbini.

"Sasa unangoja nini?"

"Bi Whitcomb ni mkubwa, Bibi. Nitamwambiaje amekosea? Si utovu wa heshima?"

"We mtoto usinizungushe," Bibi alisema. "Mkubwa akielekea shimoni, wewe utainama tu umpishe atumbukie? Heshima ni kumwambia, kwa adabu. Na tuseme kweli, si heshima inayokuzuia. Unaogopa kunyang'anywa."

Lijon alilia, kwa kuwa ilikuwa kweli. "Pale kwake ndipo mahali pekee ninapoelewa, Bibi."

"Najua, mjukuu wangu. Kesho twende wote."

Bibi akampigia simu Bwana Tarjo, waliyekuwa wakisali naye kanisa moja. Bwana Tarjo aliajiriwa na wilaya kuzisaidia familia za Kimarshall, na alikuwa mmoja tu kwa shule zote, ndiyo maana wakati wa kupimwa Lijon hakuwepo. Asubuhi waliketi wanne katika kile chumba chenye zulia: Bi Whitcomb, Bwana Tarjo akitafsiri, Bibi na gauni lake la Jumapili, na Lijon aliyetamani zulia limmeze.

"Mimi ninasikia," Lijon alisema kwa Kiingereza. Kisha akaendelea kwa Kimarshall. "Kila mlio niliusikia. Niliinua nyusi."

Bwana Tarjo aliacha kutafsiri akamgeukia Bi Whitcomb. "Samahani, ulipompima uliketi wapi?"

"Nyuma yake."

"Lo! Basi mtoto alikuwa anaujibu ukuta!" Akacheka mpaka akashika mbavu, akaeleza maana ya nyusi kwa Wamarshall. Bi Whitcomb uso ukamwiva kwa haya, kisha naye akacheka.

"Miaka yote hii ya kazi," alisema, "sijawahi kumuuliza mtoto kwao ndiyo husemwaje. Samahani, Lijon. Kosa ni letu, wewe huna kosa lolote."

Chumba kilikuwa kimechangamka. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lijon alikuwa amesamehewa hata kabla ya kuomba. Alimtazama Bibi. Bibi aliangalia dirishani, hakumsaidia.

"Kosa ninalo," Lijon alisema taratibu, na kicheko kikakoma. "Mara ya kwanza sikujua. Lakini siku mliponivalisha hivi, nilijua mmekosea. Nikanyamaza kwa sababu nilipenda kuja hapa. Unasema polepole. Na sasa Dulce hana." Alivichomoa vile vifaa, akaviweka mezani. "Mpe yeye."

Bi Whitcomb alimpima tena, safari hii wakitazamana uso kwa uso, na masikio ya Lijon yakaonekana hayana hata doa.

"Unajua kinachoniumiza?" Bi Whitcomb alisema. "Wilaya ina mwalimu wa Kiingereza kwa watoto waliotoka nchi nyingine. Yuko hapa hapa shuleni, kila siku. Jina lako lilikuwa kwake tangu mwanzo. Tuliliondoa tukasema, tushughulikie masikio kwanza."

"Kila siku?" Lijon aliuliza.

"Kila siku. Naye husema polepole kuliko mimi."

Kabla wiki haijaisha, Dulce aliketi kiti cha mbele na vifaa masikioni. Mwalimu Pruitt alisimama mbele ya darasa zima, akasema, "Dulce, nilikuadhibu kwa kosa ambalo halikuwa lako. Nisamehe." Dulce aligeuza kichwa huku na huku, akasikiliza penseli zikikwaruza karatasi na mtu akipenga kamasi nyuma kabisa.

"Jamani," alisema, "darasa hili lina kelele!" Watoto wakacheka, na safari hii akacheka nao.

Wakati wa mapumziko Lijon alimweleza kila kitu. Alikuwa amejizoeza maneno yote, lakini yalitoka shaghalabaghala. Dulce alisikiliza, uso ukibadilika.

"Kwa hiyo mimi nafungiwa ndani, wewe unasikia tu? Unaniona tu?"

"Ndiyo."

Dulce alimgeuzia mgongo akaenda zake kwenye bembea. Siku mbili hakumsemesha. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, mikono kiunoni. "Nimekasirika bado," alitangaza. "Lakini sina mtu wa kumwambia jinsi nilivyokasirika, kwa sababu huwa nakwambia wewe." Lijon alimkumbatia, na Dulce akamwacha.

Jioni hiyo Lijon alimsimulia Bibi, huku Mama akijitayarisha kwenda kazini. Mama alisita na koti mkononi.

"Na mimi nilikubali tu," alisema kwa huzuni. "Nilijua mwanangu anasikia, nikaona haya kuwauliza walimu. Siku nyingine nitauliza."

"Uulize," Bibi Hemity alisema. Kisha akamvuta Lijon akae karibu naye. "Nawe shika hili. Shule yenu ina msaada wa kila aina: wa masikio, wa lugha, wa mwenye njaa. Haukuwekwa pale kwa mwenye kunyamaza vizuri, umewekewa mwenye shida. Ukichukua usiokuwa wako, unamwibia mwenzako anayekaa karibu nawe, tena pengine ndiye rafiki yako. Na wewe mwenyewe hutapona, maana watu watakutibu sikio, kumbe kinachokuuma ni ulimi. Sema kweli unapoumwa, ndipo utatibiwa."

"Nimesikia, Bibi," Lijon alisema.

"Hilo," Bibi alijibu, "halijawahi kuwa tatizo lako."